Kilomita 480 na mama mzee, watoto watatu na ndoo ya rangi

Mume wangu ana dawa yake ya safari ya Mombasa: treni. Anapanda SGR pale Syokimau, anakunywa chai, anasinzia, na akishuka Miritini shati lake bado lina mstari wa pasi mkononi. Mimi siku hiyo hiyo naingia Kisauni na Fielder langu, nina doa la yai begani, mama yangu kiti cha mbele, watoto watatu wamekunjana nyuma kama nguo za kufua. Lakini magoti ya mama hayataki ngazi wala foleni, na mizigo yetu ya Desemba hata behewa lingenuna. Kwa hiyo kila mwaka tangu 2012 ni mimi na barabara.

Watu huniuliza nawezaje, tena dereva peke yangu, mtu wa makamo. Haya ndiyo nifanyayo. Kama mko vijana, madereva wawili, hamna mtoto wala mgonjwa, nusu yake mtayacheka, na mna haki.

Piga hesabu ya kweli

Kutoka South C ninakokaa hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Sheria inaruhusu gari dogo kwenda 110 kwa saa, basi mtu akiwa kitandani anagawanya, anapata saa nne na kitu, anatabasamu, analala. Hesabu hiyo ndiyo inayotia watu mtaroni. Ukishapita Kyumvi, pale pa kukatia kwenda Machakos, barabara pana imekwisha. Unabaki na njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na mbele yako msururu wa malori ya bandarini ambayo kikomo chake ni 80, na yakipanda kilima hayafiki hata 30. Weka miji yenye matuta na kikomo cha 50. Weka vizuizi vya polisi. Wastani wako ukiwa 60 au 65 mshukuru Mungu.

Mimi huiandikia safari muda wa saa kumi, vituo ndani yake. Nikishaandika kumi sina wa kushindana naye. Dada yangu kule Kisauni nimemkataza kupiga simu mchana kuuliza "mko wapi?" Swali hilo lina upendo mwingi, lakini humshusha dereva mguu kwenye mafuta bila mwenyewe kujua. Namtumia ujumbe mimi tukisimama, na nimemwambia kuanzia Mtito Andei hadi Voi mtandao hukatika, asianze kulia.

Wako wanaoapa kwa safari ya usiku: baridi, polisi wachache, watoto wamelala. Nilifanya mara mbili, basi. Kati ya saa nane na saa kumi na mbili usiku mwili unataka kulala hata ukiwa umekunywa birika zima, na giza la Salama lina malori yaliyokufa katikati ya njia bila taa yoyote. Dalili pekee utakayoipata ni matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani. Ukiona majani barabarani, mchana au usiku, punguza hapo hapo. Mbele kuna gari bovu. Mimi naswali alfajiri, nafunga mlango, saa kumi na moja na robo tuko Mombasa Road. Saa hiyo hata ile njia ya juu ya kulipia siihitaji, ya chini iko tupu. Wakati wa kurudi jioni ndipo naipanda pale Mlolongo, kwa sababu baada ya siku nzima barabarani foleni ya kuingia mjini inaweza kumliza mtu mzima.

Jambo moja kuhusu alfajiri hiyo: Desemba barabara inaelekea kule kule jua linakochomoza. Kwenye saa kumi na mbili na nusu, ukiwa kwenye vilima vya Salama, jua linakupiga usoni kama tochi ya askari. Kioo cha mbele kioshwe ndani pia, si nje tu. Ule ukungu wa mafuta na vumbi ulioko upande wa ndani huuoni mjini. Jua likiuangaza unakuwa pazia jeupe.

Gari, kwa ufupi

Sevisi iwe wiki moja au mbili kabla, isiwe jana yake. Fundi akigusa kitu, kosa lake hujionyesha siku tatu nne za kwanza, na ni afadhali lijionyeshe ukiwa unaenda sokoni. Mwaka mmoja nilichukua gari kwa fundi Ijumaa jioni, Jumamosi alfajiri nikaondoka. Klipu ya mpira wa radieta haikukazwa. Nilikaa Kiboko saa mbili na nusu nikitazamana na nyani, nikisubiri kijana wa bodaboda aniletee klipu ya shilingi hamsini. Siku hizi nikitoka kwa fundi naenda Thika na kurudi kabla sijapakia hata soksi.

Upepo wa tairi pima asubuhi zikiwa baridi, na pima ya spea pia, ambayo wengi huikumbuka wakiwa wamepiga magoti kwenye changarawe. Jeki, spana ya gurudumu, pembetatu mbili, kizimamoto, sanduku la huduma ya kwanza. Galoni ya maji ya gari iwe mbali na maji ya kunywa. Jaza tangi Nairobi, ongeza Mtito. Kati ya hapo na Voi ni karibu kilomita mia moja za mbuga, si mahali pa kutazama taa ya mafuta ikiwaka. Leseni na karatasi ziwe mahali mkono unafika bila kupekua, maana afande akikuona unapekua hupata muda wa kulizunguka gari.

Kukaa

Tunasema "nimekaa tu kwenye gari" kana kwamba kukaa si kazi. Kaa saa tano kwa mkao mbaya uone kiuno kitakavyokulaani. Kiti changu nakisogeza hadi goti libaki limekunjika kidogo nikikanyaga klachi ya kufikirika, maana gari langu ni otomatiki lakini mguu haujasahau. Mgongo wote ugusane na kiti. Nikinyoosha mkono, kifundo kitue juu ya usukani bila bega kuondoka kitini. Nyuma ya kiuno naweka leso iliyokunjwa mara nne.

Nisimame hapo kwenye leso, kwa sababu nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kuongeza kwenye gari nitachagua doti ya pili. Leso ni mto. Ni pazia la dirishani jua likihamia upande wa kulia, na kufika mchana litahamia. Ukiilowesha ukaifunga shingoni pale Voi, ni kiyoyozi. Mtoto akibanwa mahali hapana choo, kipande kimoja unakishika mkono huku na huku, ni msala. Ukifika kwa Masingasinga pale Makindu ni ya kufunika kichwa. Mimi hubeba doti mbili, vipande vinne, na kila mwaka nafika na vitatu.

Nguo nazo: Nairobi mnatoka na majaketi, mko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na safari nzima ni kuteremka kuelekea joto. Mvalishe mtoto fulana chini, sweta juu. Usimvalishe ile nguo nzito ya kipande kimoja eti kwa sababu alfajiri ni baridi. Kibwezi utakuja kumvua kama unayemenya muhogo.

Mama yangu anakaa mbele kwa sababu ya magoti, na nimempa cheo: yeye ndiye utingo wangu. Kazi zake ni tatu. Kunipa maji kidogo kidogo, kunimenyea chungwa, na kunitazama macho. Hiyo ya tatu nitaieleza. Ana sukari, kwa hiyo dawa yake ya sindano iko kwenye chupa ya mdomo mpana, pamoja na barafu iliyofungwa kwa taulo ili isiguse dawa. Ikiganda imeharibika, na ikiachwa kwenye buti au juu ya dashibodi joto litaiua. Chakula chake hakingojei mji mzuri. Saa ikifika, tunasimama.

Ndoo

Mtoto wangu wa mwisho hutapika. Amekuwa akitapika tangu ajue kukaa, na kila kona ya Salama inamfahamu. Zamani tulikuwa na mifuko ya plastiki. Tangu Agosti 2017 mifuko hiyo imepigwa marufuku Kenya, na sina ugomvi na sheria hiyo, mitaro yetu imepumua, ila hakuna aliyetufikiria sisi mama wa safari. Mfuko wa karatasi nilijaribu. Usijaribu.

Nilichokipata ni ndoo ya rangi ya lita nne, ile fundi aliyoiacha baada ya kupaka sebule. Ina mpini, ina kifuniko kinachobana kabisa, haipinduki ikiwekwa kati ya miguu ya mtoto. Ioshe kwa sabuni siku mbili hadi harufu ya rangi iishe, la sivyo ndoo yenyewe itakuwa sababu ya kutapika. Ndani tupia gazeti lililochanwa. Linanyonya, na mambo hayachezi gari likikata kona. Juu ya gazeti ganda la limau. Kando yake kitambaa kimoja chenye maji na kimoja kikavu, chupa ya kusukutulia, na fulana ya akiba, si moja, mbili. Ya pili ni ya atakayekaa jirani.

Lakini kwanza jitahidi ndoo isitumike. Kinachomtapisha ni ugomvi wa macho na masikio: macho yanatazama simu iliyotulia mapajani, masikio ya ndani yanahisi gari linapinda na kupanda, kichwa kinapewa habari mbili zisizopatana. Kwa hiyo mtoto wangu anakaa katikati, mahali anapoiona barabara mbele kupitia kati ya viti. Simu hakuna kabla ya Sultan Hamud. Hapewi maziwa asubuhi hiyo, wala hatolewi na njaa kabisa: mkate mkavu, chai ya tangawizi isiyo na maziwa, nusu saa kabla ya kuondoka. Akianza kunyamaza na kumeza mate, fungua dirisha, mwambie atafute kitu cha mbali. Asubuhi angavu, ukikaribia Emali, upande wa kulia Kilimanjaro hujitokeza juu ya mawingu, na nimewahi kuona mlima huo ukimtibu mtoto kuliko kidonge.

Wakubwa wake wananihitaji kidogo. Bibi yao anawatosha. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Wanajibu yai kwa sauti moja kwa sababu yai wameshika mkononi, wanalimenya, na nusu ya ganda inaishia shingoni mwangu. Baada ya Mtito ni kuhesabu mibuyu, na kushindana nani ataona treni kwanza kwenye zile nguzo za reli mpya. Aliyeona treni anampungia baba yake, hata kama baba alipita jana.

Vyumba

Barabara nzima ni kubwa mno kuifikiria kwa mara moja. Mimi naigawa vyumba, na tukiwa chumba hiki hatuzungumzii kile. Anayeuliza "bado mbali?" anajibiwa kwa mji unaofuata tu.

Chumba cha kwanza ni hadi Emali, kama kilomita 125, na kituo hiki ni cha lazima hata kama hakuna anayekitaka. Hapo ndipo watu hukosea: wamelala, gari linakwenda vizuri, kwa nini tuwaamshe? Kwa sababu ukisubiri hadi mwili uombe, umechelewa. Kiuno kikianza kuuma hakiachi kwa kusimama dakika tano. Kikisimamishwa kabla hakijauma, kinakwenda na wewe hadi Mombasa. Dakika kumi. Kila mtu anashuka, hata anayesema hana haja. Mama anashika mlango, anainuka kwa vidole vya miguu mara ishirini, anatembea hadi kwa wauza machungwa na kurudi. Mtu mzima akikunja magoti saa nyingi damu inaweza kuganda miguuni, na hilo si jambo la kupuuzwa kwa sababu ya haraka.

Tikiti maji la Emali ni tamu na nakuomba usilile. Nunua, liweke, kalile Kisauni. Ukilila hapo utavitafuta vyoo vyote vilivyoko hadi Kibwezi.

Makindu ndipo tunapokula. Hekalu la Masingasinga liko kando ya barabara na limekuwapo tangu enzi za wajenzi wa reli. Msafiri yeyote, wa dini yoyote, analishwa bure. Unavua viatu, unafunika kichwa, huingii na sigara wala pombe, unakaa na watu, unakula chapati na dengu, ukishiba unaosha ulichotumia. Kuna pa kuacha sadaka kwa anayetaka. Chakula chake ni chepesi, hakina nyama, na hilo kwa dereva ni neema. Wali wa nyama saa nne asubuhi ni usingizi ulioungwa kwa nazi.

Mtito Andei ni katikati ya safari. Hapo petroli, choo, kunyoosha mgongo, na watoto wanakimbia dakika tano. Wape sarafu za choo mkononi kabla hawajashuka. Nyani wa hapo wana akili kuliko wageni: dirisha likibaki wazi, mkate si wako tena. Usiwalishe hata wakikutazama kwa huruma.

Kisha Tsavo, chumba kirefu. Mkono huu Tsavo Mashariki, mkono ule Tsavo Magharibi, joto linapanda, barabara imenyooka hadi inachosha macho. Tembo wa huku ni wekundu kwa udongo wanaojipaka, na huvuka barabara wakitaka. Ukiona magari yamesimama, simama nawe nyuma kabisa, honi iache. Mama hungojea Daraja la Tsavo ndipo aanze kisa cha simba wawili wa 1898 waliokuwa wakiwala wajenzi wa reli. Anakisimulia kila mwaka, kila mwaka simba wanaongezeka ukubwa, na mwishoni mtoto mmoja humkumbusha kuwa sasa wako kwenye makumbusho Chicago, wamejazwa. "Na wakae huko huko," husema mama.

Usingizi

Hili ndilo lililonifanya niandike. Desemba 2016 tulikula Voi, wali, mbuzi, soda baridi, saa saba. Niliona tumebakiza kilomita 150 tu, nikasema hakuna kusimama tena. Viyoyozi vikavuma, watoto wakalala, redio ikawa inakwaruza. Mbele yangu palikuwa na lori lenye turubai ya buluu. Nakumbuka turubai. Nakumbuka kamba yake moja ilikuwa imelegea, inapigapiga. Kisha nikasikia changarawe chini ya gurudumu la kushoto, na lori halikuwepo mbele. Lilikuwa limeshaenda mbali, na katikati pale sina kumbukumbu yoyote. Mama alikuwa amenishika mkono wa kushoto. Hakupiga kelele. Alisema, "Mwanangu, umetoka njiani." Nikarudi polepole. Tulikuwa tumeipita Maungu na mimi sikuiona Maungu.

Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa unakwenda karibu mita 28 kila sekunde. Kufumba kwa sekunde tatu ni uwanja wa mpira karibu wote.

Tangu siku hiyo sibishani na usingizi. Mziki wa juu, dirisha wazi, muguka, kujipiga makofi, nimeyajaribu yote, na yote yanakukopesha dakika kumi kwa riba. Dawa ni kulala. Tukifika Voi, kabla ya kula, naegesha kituo cha petroli penye kivuli na watu, madirisha yameteremshwa kidogo, nalaza kiti, naweka kengele ya simu dakika ishirini. Hata kama silali, nafumba. Watoto wanakaa na bibi yao kibarazani. Nikitaka kahawa nainywa kabla ya kulala, kwa kuwa inachukua kama muda huo huo kuanza kufanya kazi, ikakukuta unaamka. Nikiamka natembea kwanza, nanawa uso, ndipo ninashika ufunguo. Chakula cha Voi siku hizi ni mayai na ndizi.

Kiyoyozi kisiwe kinazungusha hewa ile ile ya ndani. Watu watano wakipumua kwenye sanduku lililofungwa saa mbili, hata asiyechoka atasinzia. Bonyeza kile kitufe hewa ya nje iingie.

Na kuna dalili, ndizo anazonitazamia mama: nikipepesa macho pole, nikijikuna kichwa mara kwa mara, nikimjibu "eeh" kwa kila kitu, mwendo wangu ukipanda na kushuka bila sababu. Amepewa amri ya kusema "simama", na tulikubaliana nikiwa mzima kwamba neno hilo halina mjadala. Mara moja nilimwambia nimalizie kilomita kumi. Alifungua mkanda wake na kunyamaza, na kengele ya mkanda ikaanza kulia ting ting ting hadi nikaegesha.

Malori

Sitasema mengi. Hasira zote za barabara hii huzaliwa nyuma ya lori. Dereva wa lori akikuwashia indiketa ya kushoto, mara nyingi anakuambia pita. Ya kulia, ngoja. Nashukuru kwa hisani, lakini yeye haoni kasi ya gari langu na pengine anataka tu kupinda. Napita nikiwa nimeona mwenyewe njia tupu hadi mwisho, na nikikosa nafasi kwa dakika kumi sijapoteza hata kilomita kumi. Simkaribii sana, kwa sababu ukimgusa mkia huoni mbele kitu. Redio nazima nikipita, na watoto wanajua hapo hakuna kuniita. Matatu ikinijia nyuma inanimulika, naipisha. Ina haraka zake.

Kumalizia

Mackinnon Road tunaswali adhuhuri pale kwenye msikiti wa Seyyid Baghali, karibu na reli. Inasimuliwa kwamba alikuwa mjenzi wa reli na karai lake la kokoto lilielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Madereva wengi husimama kuomba dua, na asiyeomba anapata maji na kivuli. Kwangu kina faida nyingine: ni kituo cha mwisho chenye utulivu kabla ya kipande kibaya kuliko vyote.

Kuanzia Mariakani hadi Changamwe ni fupi kwenye ramani, lakini unakifikia ukiwa umechoka, malori yote ya nchi yamekusanyika, pikipiki zinatoka kila upande, mbuzi nao, na watoto wamenusa bahari wakaanza kupiga kelele. Watu wengi wamefika salama kilomita 440 wakagongana hapa. Mimi hukata mwendo, nafungua madirisha, nawaambia watoto kila mmoja atafute viatu vyake chini ya kiti. Inawachukua hadi Miritini. Anayekwenda Pwani Kusini asiingie mjini, ashike Dongo Kundu, aachane na feri.

Ukifika usibebe mizigo. Waache vijana wa nyumbani wabebe, wewe tembea uani, kunywa dafu, nyoosha miguu ukutani robo saa. Mgongo ulionyamaza siku nzima hupenda kukatika ukiinama kuchukua sanduku la kwanza. Siku ya kurudi chagua katikati ya wiki, kwa kuwa Jumapili ya mwisho kabla ya shule kila mtu aliyewahi kuliona gari yuko barabarani.

Mwaka jana tulifika saa tisa na dakika ishirini. Mume wangu alikuwa kibarazani, ameoga, anakula mahamri. Akaniuliza safari ilikuwaje. Nikampa ndoo ya rangi akaioshe, tunaihitaji tena Jumatano.